Bibi ninayemhudumia Uingereza ni mfuasi wa Wicca, nimwandalie meza yake?

MamaKibonge: Wakuu, habari za jioni. Nipo Devon, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Kuna bibi mmoja wa miaka 84, zamani alikuwa mkutubi, mpole hana mfano. Juzi namkunjia nguo nikakuta kwenye droo kisu chenye makali pande zote mbili na mpini mweusi, kimeviringishwa kitambaa pamoja na daftari la kuandikwa kwa mkono. Nilipomwuliza akanijibu bila kupepesa kwamba yeye ni mchawi, dini yake Wicca. Sasa anaomba tarehe 31 Oktoba nimwekee meza dirishani: mshumaa, tofaa, picha ya marehemu mumewe. Mikono yake inatetemeka, peke yake hawezi. Mimi nimekulia Shinyanga. Kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu akiitwa mchawi, watu wanachukua mapanga. Nifanyeje?

Mlokole_wa_Kweli: Dada, kimbia. Kutoka 22:18 inasema mwanamke mchawi asiachwe kuishi. Sisemi adhuriwe, ila wewe meza hiyo usiiguse.

MzeeWaBristol: Mama Kibonge, pole na hongera. Nina miaka 19 hapa, nimeendesha basi hadi nikastaafu, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mtu wa Wicca. Ndiye aliyenipokelea mizigo yangu nilipolazwa, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Kinachokutisha ni lile neno. Mchawi wetu ni mtu anayeroga kwa siri, hakuna anayejitangaza. Hawa wamelichukua neno la matusi wakalivaa kama kofia. Na dini yenyewe si ya kale kama wengine wao wanavyopenda kusema. Aliyeitangaza ni Gerald Gardner, Mwingereza aliyekuwa afisa wa forodha kule Malaya. Sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilifutwa Uingereza mwaka 1951, naye mwaka 1954 akatoa kitabu chake hadharani. Mwanafunzi wake, Doreen Valiente, akaja kuyaandika upya maneno mengi ya ibada zao, na kusema kweli mama yule alikuwa na kalamu kuliko mwalimu wake.

Wengi wao wanamwabudu Mungu wa kike, ambaye mwezi ni alama yake, na Mungu wa kiume mwenye pembe. Najua Mlokole ameshaziona pembe akaruka! Ni pembe za paa, za msitu na mawindo. Shetani hayumo kwenye dini yao kabisa.

Maadili yao yanabebwa na kauli moja: kama humdhuru yeyote, fanya utakalo. Usikimbilie hilo la mwisho. Jirani yangu ananiambia kazi yote iko kwenye "yeyote", maana na wewe mwenyewe umo. Alitaka kukata mti uliokuwa unaziba jua jikoni kwake, akakaa wiki tatu anajiuliza nani ataumia. Ndege wakamshinda, mti upo mpaka leo. Tena wengi huongeza kwamba ulitendalo hukurudia mara tatu, ingawa wapo wanaosema hiyo isihesabiwe kama riba ya benki.

Kile kisu kinaitwa athame. Hakichinji kitu. Wanachorea duara hewani, ndani yake ndiyo ibada. Cha kukatia mimea ni kingine, mpini mweupe. Daftari ni Kitabu cha Vivuli, hilo usilifungue bila ruhusa yake.

Tarehe 31 ni Samhain, wanatamka kama "sau-in". Mavuno yamekwisha, giza la baridi linaingia, waliokufa wanakumbukwa. Walioko Australia huifanya mwishoni mwa Aprili, kwa sababu majira yao yamegeuka.

Chapombe_Mstaafu: Mzee, na limbwata je? Wanatoa? 😂

MzeeWaBristol: Utafukuzwa mlangoni. Kumfunga mtu akupende bila ridhaa yake wengi wao wanahesabu ni kumdhuru. Niliuliza swali hilohilo kwa utani, nikanyimwa chai.

Mlokole_wa_Kweli: Mzee, upole wa mtu haugeuzi anayeabudiwa. Nabaki pale pale.

MzeeWaBristol: Na una haki, ndugu yangu. Mimi mwenyewe ni Mwislamu, siku zao siendi. Ila kumwekea mgonjwa picha ya mumewe mezani, hiyo mimi naihesabu kazi yake Mama Kibonge, sawa na kumvalisha soksi.

MamaKibonge: Narudi na mrejesho. Nimemwekea. Kazini moto hauruhusiwi, nikaweka mshumaa wa betri, akacheka mpaka akakohoa. Nilimwambia wazi mimi nitasali sala yangu kimyakimya, akasema sawa, kila mmoja na mlango wake. Kisha akaniomba nimkatie tofaa, lakini kwa upana, si kutoka kwenye kikonyo. Nikakata kwa kisu cha jikoni. Jamani, miaka yote hii nakula matofaa, sikuwahi kuona: katikati mbegu zimekaa nyota ya pembe tano! Akanihesabia kwa kidole: hewa, moto, maji, ardhi, roho. Nusu akala yeye akiangalia picha. Nusu akanisogezea mimi.

Nimeifunga kwenye tishu. Iko kwenye mfuko wa koti hadi sasa ninapoandika, imeshaanza kuwa kahawia.