Njia ya mahujaji kwenda Canterbury: tupite ipi na tuanzie wapi?

Binti_Mwalimu
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kwa yeyote aliyewahi kutembea upande wa Kent kule Uingereza. Mwisho wa mwezi wa nne nitakuwa huko na shangazi yangu, ana miaka 63, mtu wa kanisa haswa, Mwanglikana toka utotoni, na anachokitaka kwenye safari nzima ni kitu kimoja tu, aingie Canterbury kwa miguu kama mahujaji wa zamani waliokuwa wanaenda kwenye kaburi la Mtakatifu Thomas Becket, yule askofu mkuu wa Canterbury aliyeuawa. Tuna siku mbili za kutembea basi. Nimeangalia ramani nikachanganyikiwa, kuna mstari umeandikwa Pilgrims' Way halafu juu yake kidogo kuna mwingine North Downs Way, mara inakutana mara inaachana. Ipi ndio yenyewe? Na je mtu ambaye goti linamsumbua akiteremka ataiweza? Kilomita kumi kwa siku shangazi anazimudu vizuri, kumi na mbili tukipumzika njiani, zaidi ya hapo sitaki kumtesa.

Gumegume
Karibu sana dada. Nimeipiga hiyo North Downs Way vipande vipande mpaka nikaimaliza, kutoka Farnham mpaka Dover ni kama kilomita 246, ilifunguliwa rasmi 1978. Ile Pilgrims' Way ya kwenye ramani iko chini yake, kwenye mguu wa vilima, na shida yake ni kwamba sehemu nyingi leo ni barabara ya lami, nyembamba, haina pembeni pa kutembea, gari likija inabidi ujibanze kwenye ua wa miti. Kwa shangazi usimpitishe huko. Fuata North Downs Way, alama yake ni tunda la mwaloni, limechorwa kwenye vibao na nguzo za mageti, ukiliona jua hujapotea. Mishale ya njano ni njia za watembea kwa miguu tu, ya bluu wanapita na farasi na baiskeli. Sehemu kadhaa hizo njia mbili ni moja kwa hiyo ya zamani hamtaikosa kabisa.

Mzee_wa_Ramani
Naomba niongeze kitu, na simaanishi kumvunja moyo shangazi. Swali la "ipi ndio yenyewe" jibu lake sio jepesi. Becket aliuawa ndani ya kanisa kuu tarehe 29 Desemba 1170, akatangazwa mtakatifu 1173, na watu wakaanza kumiminika Canterbury kutoka kila upande. Waliotoka London walipita barabara ya Warumi, Watling Street, kupitia Rochester, hilo halina ubishi. Sasa hii ya vilimani kutoka mji wa Winchester, jina la Pilgrims' Way lilienea karne ya 19 wapima ramani walipoliandika kwenye ramani za serikali, na ushahidi kwamba mahujaji walipita humo kwa maelfu ni mdogo sana.

Lakini njia yenyewe ni ya zamani kuliko Becket, kuliko hata Ukristo kufika kule! Angalia inavyokwenda, iko kwenye mteremko wa upande wa kusini, juu ya udongo wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha unageuka tope la kumeza mguu, na chini kidogo ya kilele ambako kuna misitu na udongo mzito wenye mawe ya gumegume. Pale katikati ni chaki, maji yanazama haraka, mtu anapita pakavu. Watu wa kale waliliona hilo wakapita hapo hapo miaka na miaka. Ukienda magharibi kidogo karibu na Aylesford kuna Kit's Coty, mawe makubwa ya kaburi la watu wa zama za mawe, yamesimama mpaka leo. Kwa hiyo mimi humwambia kila anayeniuliza, usiende kutafuta nyayo za mahujaji kwenye kila hatua, nenda kwenye makanisa na vijiji, huko ndiko walikopita watu unaoweza kuwajua kwa majina.

Binti_Mwalimu
Mzee nashukuru ila umenitia wasiwasi kidogo, nimemsomea shangazi akanyamaza kwanza, halafu akauliza, kwa hiyo hata mmoja hakupita? Nimjibu nini?

Mzee_wa_Ramani
Mwambie hapana, sijasema hivyo. Aliyekuwa anatoka Winchester au bandari ya Southampton kwenda Canterbury alikuwa na sababu zote za kufuata vilima vile, njia ilishakuwepo na kulikuwa na nyumba za maaskofu wakuu njiani, Otford na Charing, magofu yake bado yapo. Ninachokataa ni ile picha ya msururu wa watu kutoka Winchester mpaka Canterbury kila siku. Kwa ule mwisho wenu wa kuingia mjini atembee bila wasiwasi wowote.

Tembea_Polepole
Binti mimi nilienda na mama yangu, naye magoti ndio hayo hayo, basi nakupa tulivyofanya sisi.

Siku ya kwanza shukeni treni Wye. Toka Wye mnakata mashamba kwenda Boughton Lees, halafu kanisa la Boughton Aluph, limejitenga peke yake kwenye uwanja. Hapo msipite haraka jamani! Kwenye kibaraza cha kanisa kuna meko, sehemu ya kuotea moto, na inasemekana mahujaji walikuwa wanakaa hapo kusubiriana mpaka wawe kundi kubwa ndio waingie msituni, kwa kuogopa majambazi. Mama yangu alikaa kwenye kile kibaraza nusu saa nzima hasemi kitu, na mimi sikumharakisha.

Halafu kuna kupanda kwenda King's Wood, ndio kipande kigumu cha siku hiyo, ni kifupi ila kinatoa pumzi. Humo ndani mwisho wa mwezi wa nne kuna yale maua ya bluu yametandaa chini ya miti mpaka macho yanachoka. Kushuka kwenda Chilham ni taratibu, goti halikulalamika. Jumla kama kilomita 12. Chilham laleni hapo hapo mkipata nafasi, kama hamna kuna stesheni na treni inakwenda Canterbury, asubuhi mnarudi mnaendelea mlipoishia.

Siku ya pili kilomita 11 au 12, Old Wives Lees, bustani za matunda, mti hadi mti, na kipindi chenu kinaweza kuangukia kwenye maua ya tufaha. Kisha Chartham Hatch, mnapita Bigbury ambako kuna mahandaki ya ngome ya watu waliokuwepo kabla ya Warumi, halafu Harbledown.

Fimbo za kutembelea chukueni mbili mbili, sio moja. Na buti zenye meno, chaki ikilowa inateleza kama sabuni na tope lake jeupe linaganda kwenye soli mpaka mguu unakuwa mzito, mama aliteleza mara moja pale akakaa chini, bahati nzuri hakuumia. Mkikuta kondoo wana watoto wapiteni mbali na mfunge kila geti mlilolifungua.

Gumegume
Hapo kwa Harbledown niachieni mimi. Tangu zamani ndio panajulikana kama mahali mahujaji walipoiona Canterbury kwa mara ya kwanza, na Askofu Mkuu Lanfranc alijenga hapo hospitali ya wakoma karne ya 11. Mkishuka mtafika kanisa la St Dunstan's, kabla ya lango la Westgate. Dada, hapo mwambie shangazi avute pumzi, kwa sababu mwaka 1174 Mfalme Henry II, ambaye wale wapiganaji wake wa farasi ndio walimuua Becket, alivua viatu kwenye kanisa hilo akatembea peku mpaka kaburini kuomba toba. Kipande hicho kina uhakika wote, hakuna wa kubisha hata mzee wetu hapo juu.

Ndani ya kanisa kuu msitafute kaburi. Henry VIII alilivunja 1538. Pale lilipohamishiwa 1220 inawaka mshumaa mmoja tu kwenye sakafu tupu, na ngazi za mawe za kupandia zimelika kwa miguu na magoti ya watu. Jitahidini mfike mapema jioni muwahi ibada ya kuimbwa, ratiba iko kwenye tovuti yao.

Mzee_wa_Ramani
Sibishi. Henry alipita pale.

Binti_Mwalimu
Mbarikiwe wote, nimelia kidogo kwa hiyo habari ya mshumaa. Tunaanzia Wye, tunalala Chilham. Shangazi anasema kuanzia St Dunstan's naye anavua viatu, nimemwambia kuna lami na baridi hasikii. Tembea_Polepole, zile fimbo mlinunua za kukunja au za kawaida?

Tembea_Polepole
Za kukunja, zinaingia kwenye begi mkipanda treni. Na mbebee soksi kavu za kuvaa akishafika.