HR wanataka nisaini: matusi ya Roseanne yamefika hadi kazini kwangu

Mama wa Minneapolis, Ijumaa 1 Juni 2018

Assalaam alaykum ndugu zangu, poleni na saumu. Mimi ni CNA, msaidizi wa wauguzi, shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Juzi Jumatano, chumba cha mapumziko, televisheni ilikuwa inarudia habari ya Roseanne Barr, yule mchekeshaji wa televisheni, kumtukana Valerie Jarrett aliyekuwa mshauri wa Obama. Mwenzangu mmoja akanigeukia mbele ya watu, tende iko mkononi, ndiyo kwanza nafungua, akasema: "Na huyu wetu ni wale wale, nyani wa Kiislamu." Wawili wakacheka. Nesi wa zamu akainamia simu yake.

Usiku ule ule nikawaandikia HR, ofisi ya wafanyakazi. Jana wakaniita: eti Marekani kuna uhuru wa kusema, mhusika ameshaonywa kwa mdomo, na hii hapa karatasi nisaini kufikia Jumatatu kwamba nimeridhika na jambo limekwisha. EAD yangu, kibali cha kazi cha C8, yaani cha walioomba hifadhi, inaisha Septemba, na I-765, fomu ya kuihuisha, nimeshatuma. Nisaini au nisisaini? Nikikataa, itanigusa kwenye makaratasi?

Kaka wa Atlanta

Pole sana dada. Kimbilia EEOC, tume ya serikali kuu inayopokea malalamiko ya ubaguzi kazini, una siku 180 tu tangu siku ya tukio. Mimi nilikuwa ghalani, supavaiza ananiita majina kila nikirudi kuswali Ijumaa. HR wakaniambia nisubiri, uchunguzi unaendelea. Nilipofika EEOC, afisa akatazama tarehe, akasema muda umepita. Uchunguzi wa HR hausimamishi saa ya EEOC hata dakika moja, na wale wakubwa walilijua hilo siku zote walizokuwa wakinizungusha. Mpaka leo nikipita barabara ile moyo unanichemka.

Dada wa Seattle

Kaka, pole kwa yaliyokukuta, lakini usimpe mtu hesabu ya jimbo lako la Georgia wakati yuko Minnesota. Siku 180 ni kwa majimbo yasiyo na ofisi yake ya kushughulikia ubaguzi kwenye kampuni binafsi. Minnesota inayo, MDHR, kwa hiyo EEOC ni siku 300, na MDHR wenyewe wanapokea mpaka mwaka mzima.

Halafu huo "uhuru wa kusema" HR wamekudanganya mchana kweupe. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanaizuia serikali, si mwajiri binafsi. Roseanne aliandika twiti ya kumfanya Jarrett mtoto wa Udugu wa Kiislamu na nyani, na siku hiyo hiyo ya Jumanne televisheni ya ABC wakafuta kipindi chake. Kuna mahakama iliyowazuia? Title VII ya 1964, sheria inayokataza ubaguzi kazini, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi achukue hatua ya maana akishaambiwa. Kumnyamazisha aliyetukanwa si hatua.

Mzee wa Columbus, Jumamosi 2 Juni

Wanangu, haya hayakuanza na Roseanne. Januari yaliporipotiwa maneno ya rais Trump kuhusu nchi za Afrika, yale ya chooni, Umoja wa Afrika ulidai aombe radhi na Botswana ikamwita balozi wa Marekani ajieleze. Somalia imo kwenye marufuku ya kuingia Marekani, na sasa tunangoja Mahakama ya Juu iamue. Mkubwa akishasema, mdogo naye anajiona ana ruhusa. Jarrett katukanwa kwa sababu ni Mwislamu wa Iran, basi.

Mimi Ramadhani hizi zinanichosha roho. Lamu saa kumi na mbili na nusu umeshashika kaimati, mbaazi za nazi ziko mezani, jirani kaleta bakuli na wewe umempelekea lako. Hapa magharibi inaingia karibu saa tatu usiku, niko kazini na mikrowevu.

Dada wa Seattle

Shikamoo mzee. Jarrett si Mwislamu wala si Muirani. Alizaliwa Shiraz 1956 kwa sababu baba yake, daktari Mmarekani mweusi, alikuwa akifanya kazi hospitali ya huko. Lakini tusimtetee kwa kusema si Mwislamu. Angekuwa Mwislamu, tusi lingekuwa halali? Tangu Obama agombee urais, kumwita mtu mweusi Mwislamu ni kumwambia nchi hii si yako. Dada yetu kapigwa kwa yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Kijana wa Houston

Mnawasifu ABC bure. Huyo mama alishamwandikia Susan Rice, mshauri wa usalama wa Obama, maneno ya nyani mwaka 2013, na bado Machi mwaka huu wakamrudisha hewani, watazamaji zaidi ya milioni 18 usiku wa kwanza. Walijua wanamrudisha nani. Alipobanwa akataja dawa ya usingizi, Ambien, mpaka Sanofi wanaoitengeneza wakatoa tamko kwamba ubaguzi si miongoni mwa madhara yake yanayojulikana.

Pale ABC bosi aliyetoa uamuzi ni Channing Dungey, mwanamke mweusi. CNA wa usiku hana Dungey. Na msimpe matumaini hewa: tusi moja, mara moja, mara nyingi halitoshi kisheria. Watamuuliza limetokea mara ngapi na limebadilisha nini kazini.

Mama Mkubwa wa DMV (eneo la Washington), Jumapili 3 Juni

Houston, kwenye sheria hujakosea, ila umeishia njiani. Kulipiza kisasi ni kosa linalosimama peke yake. Wakimpunguzia saa au wakimhamishia wodi ngumu kwa sababu amelalamika, hapo ana kesi hata kama lile tusi moja halikutosha. Mwanangu, andika leo: tarehe, saa, nani alikuwepo, nani alicheka. Ile barua pepe yako kwa HR ijitumie kwenye anwani yako binafsi, maana ya kazini wanaweza kuifunga asubuhi moja.

Na nina la kusema kwetu sote. Nimo kwenye magrupu ya WhatsApp ya jumuiya hii. Wasomali, Wahindi, Wamakonde, Wakristo wa bara, mnavyowataja humo siwezi kurudia na saumu yangu. Kenya imebidi iunde NCIC, tume ya mshikamano wa taifa, 2008 baada ya watu kuchinjana. Maneno yaliwatangulia wale wenye mapanga.

Kaka wa Atlanta

Dada wa Seattle, mimi nilisema la kwangu lililonitokea, sikujiita wakili. Na 180 nyingine ni hii: kwa kanuni ya mwaka huu wa 2018, C8 akiomba kuhuisha kabla kadi haijaisha, EAD inajiongeza siku 180. Risiti ya I-797 aitunze na kadi ya zamani, HR wasimtishe kwa hilo.

Mzee wa Columbus

Mama Mkubwa, mimi siko kwenye magrupu hayo, na sikubali kuwekwa kapu moja na walioshika mapanga. Mdogo wangu alichomewa duka Eldoret Januari 2008, najua ninachokisema. Tukitaka kuzungumza siasa za nyumbani, tufungue mada nyingine, nitakuwepo.

Waandaaji wa Idd hapa Columbus, nijibuni: ukumbi umeshalipiwa au bado? Nina watu kumi wa kuwaleta na wawili wanahitaji usafiri.