Bunyonyi mwezi wa saba baridi ikoje? Nampeleka mama

mtoto_wa_pangani:
Habarini wakuu. Mwezi wa saba nataka nimpeleke mama Ziwa Bunyonyi kule Kabale, Uganda, tutapitia Kigali halafu mpaka wa Katuna. Mama ana miaka 63, baridi ikizidi magoti yanamsumbua, na maisha yake yote kakaa pwani. Sasa nimeangalia kwenye simu, mwezi wa kwanza mchana nyuzi 24, wa saba 24, wa kumi hivyohivyo, nikahisi app ina shida maana huku kwetu kipupwe na kaskazi ni vitu viwili tofauti kabisa. Nisubiri Desemba kuwe na joto au niende tu?

mkazi_wa_milimani:
App yako haina shida mkuu. Nimekaa Kabale miaka minne. Bunyonyi iko karibu sana na ikweta, nyuzi 1 tu kusini, kwa hiyo jua halisogei mbali mwaka mzima na ukisubiri Desemba utakuta hali ileile. Ila liko juu, karibu mita 1,960, ndo maana mchana ni 23 au 24 na usiku inashuka hadi 10 hivi. Yaani kule majira ya baridi na joto yanapita yote ndani ya siku moja, saa nane mchana uko na fulana, saa mbili usiku unatafuta sweta la pili.

Halafu kuna kitu wageni wengi hawakijui, mwezi wa sita mpaka wa nane ni kiangazi lakini usiku wake ndo mkali kuliko wote. Mawingu hakuna, joto la mchana linapanda angani lote, hewa ya baridi inateremka kwenye ile miteremko ya matuta inatulia bondeni juu ya ziwa. Asubuhi unaamka ukungu umefunika visiwa vyote, unawasikia ndege tu huwaoni, mpaka kama saa tatu jua linapoukata. Mimi naupenda ule muda kuliko wowote, ila mama asitoke na mtumbwi kabla ya hapo.

wa_bukavu:
Mi niko Bukavu, Ziwa Kivu. Sisi tuko kama mita 1,460, wao wametuzidi mita 500, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6, kwa hiyo wao wanatuzidi baridi kama nyuzi 3 hivi. Namba ndogo lakini usiku unaisikia kwenye mifupa. Kama magoti ya mama ni mabaya sana, fikiria Kivu upande wa Rwanda, Kibuye au Gisenyi, maana Kigali mnapita tu.

mtoto_wa_pangani:
Asanteni sana jamani, mmenifungua macho. Ila Bunyonyi ni yeye mwenyewe kaichagua, aliona picha ya vile visiwa akasema nipeleke hapa kabla sijachoka kutembea, siwezi kumbadilishia. Je mwezi wa nne au wa kumi usiku si una nafuu?

dada_wa_safari:
Nafuu ipo kidogo, mawingu yanafunika kama blanketi, lakini Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba ni mvua, na mvua ya kule inakuja na ubaridi wake mchana, nguo hazikauki na zile njia za kupanda mlima ni utelezi mtupu, mtu wa magoti atateseka. Mpeleke huohuo mwezi wa saba. Kabla hujalipa chumba uliza blanketi ngapi, maji ya moto yapo saa zote, na kama usiku wanaweka chupa ya maji moto kitandani. Soksi nzito, kofia ya sufu, kanga mbili za kujifunga magotini. Wakikuletea jiko la mkaa libaki nje, msilale nalo ndani hata kama baridi imezidi, ile hewa yake inaua mtu usingizini. Na asubuhi aombe bushera ya moto, ule uji wa mtama wa kule, aunywe akiwa bado kitandani.

mkazi_wa_milimani:
Naongezea, mchana jua la juu vile linachoma japo husikii joto, beba mafuta ya ngozi na mtandio. Mtumbwi mpandie Rutinda saa nne, mkirudi kabla ya saa kumi na moja jioni mtakuwa mmeikwepa baridi yote. Na mvalishe boya, lile ziwa ukitoka ukingoni tu kina kinaongezeka ghafla.