Mnamlipa mzee mkimya kwa A mbili, kisha mnakuja humu kulia bahati mbaya

Wadau wa poka wa Kisumu, Kakamega na Nakuru, imetosha sasa. Kila wikendi ikiisha humu ni kilio kilekile: "A zangu zimevunjwa", "yule mzee ana bahati ya ajabu", "mgawaji anampangia karata". Mtu akiulizwa mchezo ulikwendaje, unakuta hapakuwa na bahati wala njama. Mzee amekaa jioni nzima akiingia kwa dau dogo na kufuata tu. Hajapandisha hata mara moja. Alipopandisha, mkamlipa. Mlitaka awaandikie barua?

Tuchukue mchezo mmoja kwa hesabu, maana wengi humu mnabisha kwa hisia. Blaindi, yaani dau za lazima za kuanzia, ni 50 na 100, kila mtu ana 20,000 mbele yake. Wawili wameingia kwa 100. Wewe una A-A kwenye zamu ya mwisho, unapandisha hadi 600. Hapo uko sawa: blaindi kubwa mara nne, na moja zaidi kwa kila aliyekwisha kuingia. Mzee anafuata, wengine wanatupa. Mezani pana 1,450. Zinafunguliwa karata tatu za mezani, za wote: K ya shupaza, 9 ya uru na 4 ya maua. Anapita bila kuweka pesa, unaweka 1,000, anafuata, zimekuwa 3,450. Karata ya nne ni 7 ya kopa. Anapita tena, unaweka 2,400, na mzee aliyekuwa akikoroga chai anasukuma 7,200.

Unatakiwa kuongeza 4,800 ili ugombee 13,050 zilizo mezani. Yaani unahitaji kushinda kama mara 27 kwa kila 100 ili usipate hasara. Sasa ana nini? Mfululizo wa karata tano hauwezekani kwenye meza hiyo. Seti, yaani tatu zinazofanana, za 9, 7 na 4 zinapatikana kwa njia tisa, tatu kwa kila jozi. K-K tuiweke kando, hiyo angeipandisha tangu mwanzo. Karata mbili za rangi moja (mfano zote maua) zinazompa jozi mbili, yaani K-9, K-7, K-4 na 9-7, ni njia nane. Jumla kumi na saba. Dhidi ya seti, kinachokuokoa ni A mbili zilizobaki kati ya karata 44, chini ya asilimia 5. Dhidi ya jozi mbili una karata nane za kukuokoa, kama asilimia 18. Ukichanganya zote unapata kama asilimia 11, na wewe unalipia bei ya 27.

Najua mtakachosema, mnakisema kila mara: "Lakini huenda ana K-Q." Kweli, K-Q, K-J na K-10 zikijumlishwa ni njia 36, mara mbili ya zile za kukuua. Ila swali si kama mzee anaweza kuwa na K-Q. Swali ni kama *anapandisha* akiwa na K-Q, kwenye karata ya nne, dhidi ya mtu aliyeongoza tangu mwanzo. Ili malipo yako yatoke sare, angalau mara moja katika kila tano anazopandisha hapo awe na kitu dhaifu kuliko A zako. Mtu ambaye jioni nzima amefuata kwa K-Q bila kupandisha, ni nini kitambadilisha leo? Hata mwenye 10-8 au 8-6 anayesubiri mfululizo, mchezaji wa aina hii hufuata. Ndiyo maana tunamwita mkimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ni seti ya 4.

Tena hiyo 4,800 ni kiingilio tu. Karata ya tano ikifunguliwa atasukuma kama 9,000, na kwa kuwa umeshaweka nyingi utasema "nimefika mbali, siwezi kurudi". Ukijumlisha umelipa 13,800, na bei imepanda hadi asilimia 38. Kama hukuwa tayari kulipia karata ya tano, ya nne uliilipia ya nini?

Kinachonikera zaidi ni hawa walimu wa magrupu ya WhatsApp wanaokusanya pesa za M-Pesa wakifundisha kwamba "A mbili hazitupwi". Hazitupwi kabla ya karata za mezani. Karata za mezani zikishafunguliwa, A-A ni jozi moja, basi. Masomo yao wameyanakili kwenye video za wachezaji wa Marekani wanaozugana usiku kucha, ambako anayepandisha huenda hana kitu. Kuyaleta mezani kwetu, ambako watu wanafuata na chochote na kupandisha wakiwa na mlima, ni kuwachuna wanafunzi mara mbili: ada kwanza, halafu mezani.

Kosa lingine ni kinyume chake. Mtu akishapigwa mara mbili anaogopa, anaanza kupita akiwa na A-A ili "asimfukuze mzee". Upuuzi. Mtu anayefuata na K-10 anatakiwa kutozwa kila karata, theluthi mbili ya pesa iliyo mezani au zaidi kidogo. Usimzuge, hatupi. Usifiche nguvu, hatakusaidia kujenga dau. Weka, weka, weka. Siku akipandisha, tupa. Hapo umepoteza 4,000 badala ya karibu 18,000, na zile siku nyingi alizo na K-10 zinakulipa.

Kabla ya karata za mezani ni hivyohivyo. Mkimya aliyeingia kwa 100, wewe ukapandisha na Q-Q, naye akapandisha juu yako. Kama ana A-A au K-K tu, unashinda chini ya mara 20 kwa 100. Kama hufanya hivyo na A-K pia, unafika karibu 40, maana A-K zina njia 16, na A-A na K-K kwa pamoja zina 12. Kwa hiyo kazi yako ni kukumbuka kitu kimoja: A-K ya huyu mtu ilipoonyeshwa mara ya mwisho, aliipandisha au aliifuata tu? Wengi wenu hamjui, kwa sababu mkishatupa karata macho yanarudi kwenye simu.

Tazameni mezani. Mikono ikitetemeka wakati wa kusukuma chipu, msidhani ni woga wa mtu anayezuga. Mara nyingi ni furaha inayotafuta pa kutokea. Aliyekuwa akipiga soga akinyamaza ghafla, akaketi wima, akatazama chipu zake mara tu karata ilipofunguliwa, ameipata. Na yule anayekupandishia kwa kiwango kidogo kabisa, ananuia usikimbie.

Nyongeza, baada ya majibu:

Ndugu wa Kakamega anayeuliza kama basi tutupe kila anapopandisha: hapana. Akipandisha kwenye zile tatu za kwanza, na mbili kati yake ni maua, huenda ana K nzuri na anaogopa mtu atakamilisha karata tano za maua. Fuata mara moja, uone karata ya nne. Akiendelea kusukuma, ondoka. Pia akiwa na chipu kidogo, tuseme 2,000 zimebaki na mezani pana 3,450, lipa bila kulalamika. Na aliyepoteza sana, ameshavaa koti na anaangalia saa, huyo si mkimya tena. Anasukuma ili aende nyumbani.

Wewe unayesema nawafundisha watu woga: mzee amepita mara mbili, ua la tatu limeanguka kwenye karata ya tano, ghafla anaongoza yeye mwenyewe kwa pesa sawa na yote iliyo mezani. Mlipe basi. Ukishalipa, andika hapa alikuwa na nini, na usiandike kwamba umeibiwa.