Fundi wa antena, hiyo 90% uliyonionyesha ni ya nguvu. Ubora uko wapi?

Wakuu, naomba nitolee hasira zangu humu, maana nikimpigia huyu fundi simu tena tutatukanana.

Nimefungiwa antena mpya ya televisheni. Nguzo imara, nati zimekazwa, waya umenyooshwa vizuri ukutani. Kazi ya vyuma sina neno nayo. Ila picha sasa! Mchana safi, jioni vituko: uso wa msomaji habari unakatika vimrabamraba, sauti inakwaruza, mara kioo cheusi na maandishi "hakuna mawimbi". Nikimwita fundi anakuja, anashika rimoti, anafungua menyu ya king'amuzi na kunionyesha mstari wa kijani. "Bosi, nguvu 90%. Antena haina shida, tatizo kituo." Kila siku tatizo ni kituo. Kisipokuwa kituo ni hali ya hewa, isipokuwa hali ya hewa ni king'amuzi. Antena aliyoifunga yeye haijawahi kuwa na kosa.

Chini ya huo mstari wa kijani kulikuwa na mwingine wa njano, mfupi, unarukaruka kama una homa. Huo ndio wa ubora. Hakuutupia hata jicho.

Nguvu inakwambia jambo moja tu: kwenye masafa hayo, nishati inayoingia tunduni ni kiasi gani. Haibagui. Mawimbi ya kituo chako yamo, mwangwi wake uliogonga jengo la jirani umo, kelele za mnara wa simu zimo, na kituo cha mbali kinachorusha kwenye masafa hayohayo nacho kimo. Vyote vinajumlishwa, unaambiwa 90%. Halafu hiyo ni 90% ya nini? Kila mtengenezaji wa ving'amuzi anajipangia mizani yake, kwa hiyo 70 ya king'amuzi hiki inaweza kuwa 50 ya kile. Mtu anayelipwa kwa kazi hii anatakiwa kupanda juu na mita inayosoma desibeli.

Na mita yenyewe si ya kutazama nguvu peke yake. Kiwango cha nguvu kikiwa kati ya 50 na 65 dBµV (desibeli za nguvu ya mawimbi) kwenye tundu la ukutani, inatosha, hamia kwenye MER, yaani kipimo cha ubora wa mawimbi. Hapo ndipo penye kazi. Kituo kinapotuma kwa 64-QAM, mojawapo ya mbinu za kubebesha data kwenye mawimbi, data husafiri kama nukta 64, kila moja ina mahali pake. MER inapima nukta zinazokufikia zimetawanyika kiasi gani kutoka mahali zilipotakiwa kuwa. Kelele na mwangwi vinazisukuma huku na huku, na zikianza kuingiliana king'amuzi hakijui tena ipi ni ipi. Kuna ukingo ambao MER ikishuka chini yake picha inakufa, na ukingo huo hutegemea kituo kimejipangaje. Fundi anayejiheshimu hashuki ngazi kabla ya kuona desibeli 26 na kuendelea. Wengine wanasaka 30.

Tofauti hiyo ya ukingo na 26 ndiyo mnayotuibia! Enzi za analojia mawimbi yakilegea uliona chenga, ukaona kivuli cha mtu pembeni ya mtu, ukajua kuna shida. Dijitali inasahihisha makosa yake kimyakimya hadi dakika ya mwisho, kisha inaanguka yote. Antena iliyoachwa desibeli moja juu ya ukingo inaonyesha picha ileile nzuri kama iliyoachwa desibeli kumi juu. Fundi anaona picha, anasema imeshika, anaondoka. Jioni hewa ikitulia na joto likajipanga tabaka, mawimbi ya vituo vya mbali yanasafiri kuliko kawaida na kuingia kwenye masafa yako. MER inashuka kidogo tu, na wewe huna taarifa ya habari.

Niliposisitiza, akaniletea busta. Jamani. Ukirekodi mtu anayeongea katikati ya soko kisha ukaongeza sauti, na soko linaongezeka. Busta inakuza mawimbi pamoja na uchafu wake, halafu inaongeza kelele zake yenyewe. Inafaa ikifungwa juu, karibu na antena, ili kufidia waya mrefu (waya wa antena aina ya RG6 hupoteza karibu desibeli 18 kwa mita 100 kwenye 700 MHz) au kifaa cha kugawa kwenda televisheni mbili, ambacho kinakula karibu desibeli 3.5 peke yake. Yeye aliifunga chini, nyuma ya televisheni. Nguvu ikapanda hadi 100%, ubora ukashuka. Akanipongeza.

Kuna mwenzake alikuja na mita ya kweli, nikashukuru Mungu. Akanionyesha BER, yaani kiwango cha makosa kwenye data: sifuri. "Safi kabisa." Nikamuuliza, ya kabla ya kusahihishwa au ya baada? Akaniangalia kama nimemtukana. Kwenye DVB-T2, mfumo wa kurusha televisheni ya dijitali wa kizazi cha pili, usahihishaji wake wa makosa uitwao LDPC ni mkali kiasi kwamba makosa ya baada hubaki sifuri mpaka pale mambo yanapoharibika kabisa. Sifuri hiyo haikwambii uko mbali na ukingo kiasi gani. Soma ya kabla, na soma MER. Tena soma kwa kila maltipleksi, yaani kila kundi la chaneli zinazorushwa pamoja, maana chaneli zako hazitoki kwenye masafa mamoja. Yeye alipima moja, ile yenye mpira, akakunja mita.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wote wanajua kuzungusha tu. Kushoto, kulia, kushoto. Kwenye 600 MHz urefu wa wimbi ni nusu mita. Mawimbi ya moja kwa moja yakikutana na mwangwi wake, hapa yanaongezana, hatua moja pembeni yanauana. Ukipandisha antena kidogo au ukaisogeza upande, MER inaweza kubadilika desibeli kadhaa bila kuizungusha hata nyuzi moja. Na mahali penye nguvu kubwa kuliko pote si lazima ndipo penye ubora mkubwa. Kuna mtu anapanda juu huku anatazama MER ya kila maltipleksi na kusogeza taratibu? Au nyote ni "vipi hapo?", "ongeza!", "basi hapohapo!"?

Mafundi mlioko humu, najua mpo. Mkimaliza kazi, mnamwandikia mteja MER na BER za kila maltipleksi kwenye karatasi au nadai makuu? Na hii ya kwangu iko karibu na ukuta wa bati upande wa nyuma. Nianze kwa kuisogeza mbali na hilo bati, au nipandishe nguzo kwanza? Busta nimeshaitoa.