Kontena linazimika nikitoka SSH, naomba ushauri wa systemd

mlinzi_seva:
Wakuu habari zenu. Nina seva yangu ndogo ya Linux, juu yake natembeza Vaultwarden (programu ya kutunza paswedi) ndani ya kontena kwa Podman, programu ya kuendesha makontena, na sitaki iguse root (yuza mwenye mamlaka yote) kabisa maana humo ndo kuna paswedi za nyumba nzima. Nimeandika yuniti (faili la maelekezo) ya systemd, ile inayowasha na kusimamia huduma za Linux, nikaiweka ~/.config/systemd/user/ na inawaka safi tu, shida inakuja nikifunga SSH (ninayoingilia seva kwa mbali), baada ya muda kidogo kontena linazimika. Umeme ukikatika ndo balaa, seva inarudi yenyewe ila kontena halipo mpaka niingie kwa yuza wangu, hapo hapo linaamka. Nimeweka --restart=always wala hakijabadilika kitu. Kwenye logi hakuna kosa, inasema tu limesimamishwa. Nianzie wapi?

komandi_tupu:
Mkuu logi haina kosa kwa sababu systemd imefanya ilichotakiwa kufanya. Yuniti ya --user haisimamiwi na ile systemd ya mashine yenye PID 1 (mchakato wa kwanza mashine ikiwaka), inasimamiwa na systemd ya yuza wako, na hiyo huwashwa ukiingia na huzimwa sesheni yako ya mwisho ikifungwa. Ikiondoka inaondoka na kila ilichokishika. Piga hii mara moja tu, inaiacha systemd yako iwake hata ukiwa hujaingia:

`sudo loginctl enable-linger jina_la_yuza`

Kisha `loginctl show-user jina_la_yuza -p Linger`, ikijibu Linger=yes riboti seva, usiingie, fungua ukurasa kwenye simu uone. Na hiyo --restart=always itoe, Podman haina daimoni (programu inayokaa nyuma muda wote) ya kukaa inaangalia makontena seva ikiwaka, kazi ya kufufua iachie systemd.

kamba_mbili:
Mbona mnajitesa, acheni Podman, weka Docker inayofanya kazi hiyo hiyo na --restart unless-stopped ulale.

mama_logi:
@kamba_mbili Docker sina ugomvi nayo, ila daimoni yake kwa kawaida inatembea kama root na mwenzetu kashasema hataki. Halafu wengi wakihamia huko wanaandika `docker run -d` ndani ya yuniti, sasa -d inalisukuma kontena nyuma na komandi inaisha papo hapo, systemd inaona mchakato umekwisha inadhani huduma imekufa, huku Docker nayo inafufua kivyake, wasimamizi wawili wanagombania kontena moja. Achague mmoja.

@mlinzi_seva kama hiyo yuniti ulitengenezewa na `podman generate systemd`, achana nayo, ile njia imeshawekwa kando, siku hizi ni Quadlet, unaandika faili fupi la kontena nayo inakuzalishia yuniti, imo ndani ya Podman toka toleo la 4.4 la 2023. Tengeneza faili ~/.config/containers/systemd/vaultwarden.container:

```
[Container]
Image=docker.io/vaultwarden/server:latest
Volume=%h/vw-data:/data:Z
PublishPort=127.0.0.1:8080:80

[Service]
Restart=always
TimeoutStartSec=900

[Install]
WantedBy=default.target
```

Yuniti ya zamani izime na uifute kwanza zisije zikagongana. Halafu `systemctl --user daemon-reload`, kisha `systemctl --user start vaultwarden`. Usipige enable, itakukatalia ikuambie yuniti imezalishwa, hilo sehemu ya [Install] inalimaliza yenyewe. Na hiyo 900 usiiguse, kawaida systemd inasubiri sekunde 90 tu, mtandao ukiwa mzito imeji (kifurushi cha programu kinachopakuliwa) haijamaliza kushuka inakatwa katikati na utabaki unatafuta kosa kwenye kontena wakati kontena halijazaliwa bado.

mlinzi_seva:
Asanteni sana aisee. Linger imekubali, nimeriboti bila kuingia na ukurasa umefunguka. Ila Quadlet nimeiweka nikiwa root nikafanya `su - yuza` halafu systemctl --user inaniambia "Failed to connect to bus", hii nayo ni nini tena?

komandi_tupu:
Hiyo ni su. Haikufungulii sesheni kamili kwa hiyo XDG_RUNTIME_DIR (inayoonyesha folda la muda la yuza) haipo na systemctl haijui bus ya yuza, yaani njia ya kuongea na systemd yake, iko wapi. Ingia kwa SSH moja kwa moja kama huyo yuza, au tumia `machinectl shell yuza@` kama ipo kwenye mashine yako. Na angalia faili lisiwe limebaki mikononi mwa root, pitisha chown umrudishie yuza umiliki.

mlinzi_seva:
Imewaka mkuu! `systemctl --user status` ni kijani. Sasa niwashe na AutoUpdate=registry ijiapdeti yenyewe?

mama_logi:
Kwa vitu vingine ningesema washa, kwa paswedi hapana. Weka namba ya toleo badala ya latest, soma kilichobadilika, ndo upandishe kwa mkono. Na kabla ya kupandisha simamisha huduma kwanza, nakili folda lote la vw-data pembeni, maana db.sqlite3 ukiinakili huku inaandikwa unaweza kupata nakala mbovu na ukaja kujua siku unayoihitaji.