Mjadala: Ufundi unashinda nguvu, sawa, lakini hadi tofauti ya kilo ngapi?

Wakuu, naomba hili tulijadili kwa uwazi, maana kwenye kumbi za mazoezi hapa Dar limegeuka imani ambayo mtu haruhusiwi kuihoji. Kila anayekuja kujaribu jiujitsu au mieleka ya kukabana anapokelewa na maneno yaleyale: mwili si kitu, ufundi ndio kila kitu, wa kilo 50 anamlaza wa kilo 100. Hivi karibuni kwenye klabu ninayofanyia mazoezi, pande za Kinondoni, alikuja dada mmoja mwembamba anayefunga biashara yake usiku na kurudi nyumbani peke yake. Akauliza bila kuzunguka: "Nikikamatwa na pandikizi la mtu, nitatoka?" Kocha msaidizi akamjibu papo hapo kwamba akifanya mazoezi miezi mitatu atamkaba yeyote yule. Baadhi yetu tukapinga palepale, na ubishi huo haujaisha hadi leo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Ufundi una nguvu kweli, na dhidi ya mtu asiyejua lolote unafanya maajabu. Lakini uzito nao una nguvu kweli, na mkubwa akishajifunza hata mambo machache, faida ya mdogo inaporomoka upesi sana. Kumwambia mtu mwepesi kinyume cha hapo ni kumpeleka kwenye hatari. Nina kilo 62, kwa hiyo asiseme mtu kwamba nawapigia debe mabaunsa.

Ushahidi unaoletwa kila mara ni wa Royce Gracie. Ni ushahidi mzuri, tuusome wote. Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, yalifanyika mashindano ya kwanza ya UFC, yale ya kupigana kwa mitindo yote, ngumi, mateke na makabali, hayana madaraja ya uzito, na kijana huyo wa Kibrazili wa kilo zipatazo 80 akawasalimisha watu watatu usiku mmoja. Mwaka uliofuata, kwenye UFC ya nne, alilaliwa na Dan Severn, mwanamieleka wa kilo karibu 118, kwa takriban dakika 16, kisha akamfungia kabali ya miguu kutoka chini na jamaa akagonga, yaani akapiga kofi kuonyesha amesalimu amri. Mpaka leo nikiiangalia ile pambano nasisimka.

Sasa tazameni alikuwa anapigana na nani. Severn alikuwa bingwa wa kuangusha na kubana, ila kabali ile ya miguu hakuwa ameizoea. Wengine kati ya wapinzani wa Royce hawakujua hata waweke wapi mikono wakiwa chini. Elimu ilipoanza kusambaa, mchezo ukabadilika: mwaka 1997 UFC wenyewe walianza kutenganisha watu kwa uzito. Na Royce aliporudi ulingoni mwaka 2006 kupambana na Matt Hughes, mtu wa uzito kama wake, mwanamieleka ambaye tayari alishajifunza kujikinga na makabali, alimalizwa raundi ya kwanza.

Rudi nyuma zaidi, kwa baba yake. Hélio Gracie alipambana na Mjapani Masahiko Kimura mwaka 1951 kule Rio de Janeiro. Kimura alikuwa mzito kuliko Hélio na judo yake ilikuwa ya kiwango cha juu kabisa. Alimtupa anavyotaka, akamkunja mkono kwa kufuli ambayo leo dunia nzima inaiita kwa jina lake, na pambano likasimamishwa na watu wa upande wa Hélio kwa sababu mwenyewe alikataa kugonga. Wote wawili walikuwa mafundi. Fundi mwenye mwili ndiye aliyeshinda.

Wajapani nao walipata somo lao nyumbani. Olimpiki ya Tokyo 1964, judo inaingia kwa mara ya kwanza, kukawa na madaraja matatu ya uzito pamoja na daraja la wazi, ambalo mtu yeyote wa uzito wowote anaingia. Hilo la wazi ndilo lililobeba heshima ya mchezo. Mholanzi Anton Geesink, jitu la karibu mita mbili, akambana chini Akio Kaminaga ndani ya ukumbi wa Budokan, mbele ya watu wake. Geesink hakuwa mbabe asiyejua kitu, alikuwa amesoma judo vilivyo hadi Japani kwenyewe. Daraja la wazi liliendelea hadi Olimpiki ya 1984, likaondolewa. Na kijana wetu Andrew Thomas Mlugu alipoiwakilisha Tanzania kwenye judo huko Paris 2024, alipangwa kwenye kilo 73, na wenzake wa kilo 73.

Mtu atasema hayo ni mambo ya kutupana na kupigana ngumi, kwenye kukabana tupu ni tofauti. Haya, twende ADCC, mashindano yaliyoanzia Abu Dhabi mwaka 1998, ambayo ndiyo makubwa kuliko yote kwa kukabana bila kanzu ya judo. Pale kuna madaraja ya wanaume kuanzia chini ya kilo 66 hadi zaidi ya 99, halafu kuna pambano la wazi la wote. Marcelo Garcia alitwaa daraja la kilo 77 mara nne, na kwa wengi ndiye fundi mdogo mkali kuliko wote waliowahi kukanyaga pale. Mwaka 2005 alimgongesha Ricco Rodriguez, aliyewahi kuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, kwa kumsokota kisigino. Mwaka 2007 alifika fainali ya wazi, akakabwa na Robert Drysdale, mkubwa kuliko yeye. Tangu mashindano yaanze, hakuna mwanamume wa daraja la 66 wala la 77 aliyewahi kuchukua ubingwa wa wazi. Kama Marcelo Garcia hakuuchukua, mimi na wewe tunamdanganya nani?

Niseme sasa inavyokuwa kwenye mkeka wenyewe, maana hapa ndipo wasiofanya mchezo huu wanapokosea, kwa pande zote mbili.

Mtu wa kilo 100 akishakulalia ubavuni, kifua chake juu ya chako, bega lake limeusukuma uso wako pembeni, hahitaji kufanya kitu. Anapumua tu. Wewe kila ukitoa pumzi, anashuka kidogo, na pumzi inayofuata inakuwa fupi. Nguvu za mikono hapo hazisaidii, na ukijaribu kumsukuma kama unanyanyua chuma, unampa mkono aukunje. Kinachosaidia kinatakiwa kifanyike kabla hajatulia: mfupa wa mkono mmoja kwenye shingo yake, wa pili kwenye nyonga yake, ugeuke ulale kwa ubavu, goti lipenye katikati yenu. Ukichelewa nusu sekunde, nafasi imekwenda. Dhidi ya mtu wa kilo 65, ukichelewa hivyohivyo, unajaribu tena. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo maana ya uzito kwenye mchezo huu: mzito ana ruhusa ya kukosea mara nyingi, mwepesi hana.

Upande wa pili, mwepesi akishafika mahali pake, hesabu inageuka. Kufuli ya kiwiko ni nyonga, mgongo na miguu yako yote miwili dhidi ya mkono mmoja wa mtu. Hakuna mkono unaoshinda hesabu hiyo kwa muda mrefu, uwe mnene kiasi gani. Kabali ya kutokea mgongoni ikibana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo, mtu anazimika ndani ya sekunde kama kumi, na kifua cha vyuma hakimsaidii chochote. Kwa hiyo silaha tunazo. Taabu iko kwenye kufika, na njiani ndiko mwili unakotoza ushuru.

Joto letu nalo lina neno. Desemba hadi Machi, ukumbi hauna kiyoyozi, baada ya raundi ya kwanza watu wanateleza kama samaki. Bila kanzu, mkono wenye nguvu unachomoka kwenye kufuli ambayo ungeifunga vizuri mwezi Julai. Wepesi wengi wanaong'ang'ania mikono msimu huo wanapoteza muda. Nendeni mgongoni, nendeni shingoni, fungeni kwa miguu. Lakini joto hilohilo linamchosha mkubwa upesi, hasa anayekaza misuli muda wote, na mwepesi mvumilivu akiweza kukaa salama dakika nne za mwanzo anakutana na mtu mwingine kabisa dakika ya tano. Mtaani lakini hakuna dakika ya tano.

Ndiyo maana suala la yule dada linanigusa. Miezi mitatu ya mazoezi itamfundisha kutotishika mtu akimshika mkono, kunyanyuka akiangushwa, kulinda shingo, kuchomoka na kukimbia kuelekea penye watu. Hayo ni makubwa na yanaweza kuokoa maisha. Kumwambia kwamba atamkaba mwanaume aliyemzidi kilo 40 ni kumshawishi abaki kupambana pale anapotakiwa kutoka mbio. Nataka walimu wetu waseme hivyo siku ya kwanza, kwa maneno hayohayo. Na kwenye mashindano yetu madogo ya mitaani, tuache tabia ya kuchanganya watu kwa kisingizio cha kupima ufundi. Mzani wa bafuni unatosha.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Kuna aliyeandika kwamba tukisema haya wadogo watakimbia mchezo. Sikubaliani. Wanaokimbia ni wale walioahidiwa miujiza, wakaja kulaliwa na mgeni wa wiki mbili mwenye mwili, wakaona wamedanganywa. Ukimwambia mtu mapema kwamba kwa kilo zake atahitaji kuwa bora zaidi, na ukamwonyesha kwa njia ipi, anabaki.

Kaka mmoja wa kilo 110 ameniandikia kwa uchungu, na namwelewa. Anasema akishinda, wote wanasema "ni nguvu tu", akishindwa wanasema "umeona ufundi?", na kocha kila siku anamwambia asitumie nguvu bila kumweleza afanye nini badala yake. Kaka, una haki. Kujua kuweka uzito wako mahali panapouma ni ufundi, na wengi wenye miili hawaujui, wanabaki kukaza mikono tu. Anayekuambia usitumie nguvu akuambie pia uweke wapi kifua, nyonga na magoti. Unapokuwa na mwenzako wa kilo 60 punguza uzito ili naye ajifunze, lakini ushindi wako ni halali.

Mzee wetu wa judo amenikumbusha Toshihiko Koga, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa Olimpiki wa kilo 71, aliyefika fainali ya ubingwa wa Japani mwaka 1990 ambako hakuna madaraja. Shikamoo mzee, na nakubali kwamba kupambana na wazito mazoezini ndiko kunakomnoa mwepesi, wala sitaki kuachwe. Ila kwenye fainali ile Koga alitupwa na Naoya Ogawa, mtu wa uzito wa juu, akashindwa.

Sasa nawaomba wenye klabu, Mbagala, Magomeni, Kigamboni, popote mlipo: mnawapangaje watu wenu kwenye raundi? Tofauti ya kilo ngapi mnaona bado ni salama kwa mgeni wa mkanda mweupe? Na akija binti kuuliza swali la yule dada, huwa mnamjibu nini?